Ovataimu ya Asante

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne tu, lakini Jovelyn Magbanua aliisoma mpaka macho yakamuuma. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake katika hosteli ya wauguzi, Dammam, viatu vyeupe bado miguuni, mkoba begani, kama mtu aliyepita tu na sasa hivi ataondoka. Barua ilimtaka afike ofisi ya wafanyakazi Jumapili saa nne asubuhi. Akaeleze kwa nini faili la mgonjwa wa kitanda namba saba lina maandishi yake ya saa moja na dakika arobaini asubuhi, ilhali mashine ya vidole inaonyesha kwamba siku hiyo alitoka kazini saa moja na dakika mbili. Mpaka shauri liishe, asiombe ruhusa ya kusafiri. Mstari wa nne ulihusu leseni yake ya uuguzi. Huo ndio uliomkausha mate.

"Weka hiyo karatasi chini, utaitoboa kwa macho," alisema Perla kutoka kitanda cha pili.

Perla alikuwa mtu wa Batangas, kule Ufilipino, na watu wa Batangas hawana sauti ndogo. Alikuwa na miaka hamsini na moja, kumi na saba kati ya hiyo ameimalizia Saudia, na alilala chumba kimoja na Jovelyn tangu binti huyo alipofika kutoka Iloilo na sanduku lililofungwa kwa kamba. Aliisoma barua mara moja, akairudisha.

"Dada Perla, wanasema nimeghushi."

"Hawajasema. Wanauliza."

"Watanifunga?"

"Kwanza vua viatu," alisema Perla. "Mtu hafungwi na viatu vya kazini."

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili ilikuwa mbali kwa mtu mwenye hofu, na karibu mno kwa mtu asiye na la kusema.

Jambo lenyewe lilikuwa limetokea wiki tatu nyuma. Jovelyn alikuwa zamu ya usiku, inayokwisha saa moja asubuhi. Saa moja na dakika mbili alishuka chini, akapiga kidole kwenye mashine, kisha akapanda tena wadini kumalizia kuandika mafaili. Msomaji asishangae. Ndivyo walivyofanya wauguzi wote wa Kifilipino wa zamu ya usiku wadi ile, kumi na sita kwa hesabu, na hakuna aliyewahi kuliona ni jambo la ajabu. Unapiga kidole kwa wakati ili mashine ionyeshe kwamba u mwepesi wa kazi, halafu unarudi kuimaliza kazi yenyewe. Kule kwao Iloilo, katika hospitali ya mkoa, Jovelyn alikuwa amejitolea miezi minane bila mshahara ili apate barua ya uzoefu, na saa zilizozidi huko zilikuwa na jina lake la utani: ovataimu ya asante. Unabaki mpaka jua limepanda, mkubwa wako anakwambia asante, mnacheka, mnakwenda kunywa uji. Basi na yeye aliibeba asante hiyo ndani ya sanduku lake la kamba mpaka Uarabuni, kama wengine wanavyobeba samaki wakavu.

Asubuhi ile, akiwa anaandika, kengele ya kitanda namba saba ililia. Aliyelala hapo alikuwa Abu Turki, mzee mwenye ugonjwa wa moyo, mtu wa maneno machache aliyekuwa akimwita "binti yangu" na kumlazimisha ale tende. Wauguzi wa mchana walikuwa mwisho wa korido wakipokea zamu. Jovelyn alikwenda. Mzee alikuwa akihema juu juu. Alimwinulia kitanda, akamwekea oksijeni, akampima presha kwa mashine ya mkono, akaandika saa na namba, akatia jina lake. Muuguzi wa mchana alipopita alimwambia, "Mtazame wa namba saba, pumzi si nzuri." Yule akaitikia. Saa tatu mzee alihamishiwa chumba cha mahututi, na siku ya nne akafariki. Mwanawe, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu aliyefiwa na baba, alidai faili na orodha ya mashine ya vidole. Akauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: huyu muuguzi aliyeandika kwamba alimpima baba yangu, mbona alikuwa ameshakwenda nyumbani?

Kamera za korido zilijifuta kila baada ya wiki mbili. Muuguzi wa mchana alisema hakumbuki aliambiwa na nani. Na wale wenzake kumi na watano, walioketi naye meza moja wakiandika mafaili kama yeye, kila mmoja alitazama pembeni. Kumtetea Jovelyn kulikuwa ni kusema, na mimi pia hupiga kidole nikarudi. Nani angelisema, na nyumbani kuna watoto shuleni? Jovelyn hakuwalaumu. Angekuwa wao, naye angetazama pembeni, na jambo hilo lilimwogopesha kuliko yote.

Lakini alikuwapo mtu mmoja zaidi aliyemwona. Mkuu wa wadi, Milagros Sumulong, aliyeitwa na wote Madam Mila, alikuwa amepita mezani asubuhi ile na miwani yake kifuani, Jovelyn ndiyo kwanza ametoka kitanda namba saba. "Bado upo, Jovy?" alimwambia. "Maliza upesi ukalale." Jovelyn aliyakumbuka maneno hayo pamoja na harufu ya losheni yake ya mikono. Usiku wa kuamkia Ijumaa hakupata usingizi. Akawa anainuka na kulala, anainuka na kulala, na kila akifumba macho aliiona leseni yake, karatasi ile ambayo mama yake alikuwa ameuza nguruwe watatu na kiwanja cha babu ili ipatikane, ikikatwa vipande kwa mkasi.

Ijumaa mchana Madam Mila, aliyekaa ghorofa ya juu ya hosteli hiyo hiyo, alikuja mwenyewe chumbani na bakuli la tambi za kukaanga lililofunikwa kwa taulo. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, nywele zimepakwa rangi nyeusi mno, mgongo umenyooka. Miaka ishirini na miwili aliiongoza wadi ile, na fahari yake ilikuwa moja: wadi yake haijawahi kudai saa ya ziada hata moja. Aliisema kwenye mikutano, wakubwa wakampigia makofi, na mwaka mmoja wakampa saa ya ukutani.

"Kula kwanza, mwanangu. Umekonda kama ng'onda."

"Asante, Madam."

"Leo huna zamu, kwa hiyo tambi hazina mkosi," alisema, na wote watatu walicheka kidogo, maana kila muuguzi wa kwao anajua kwamba ukipeleka tambi kazini wagonjwa watamiminika kama wameitwa. Kicheko kilikwisha upesi. Madam Mila alitoa kwenye mkoba karatasi iliyopigwa chapa. "Nimekuandalia maelezo. Wewe utie sahihi tu. Umesema ulimpima mzee saa kumi na mbili na dakika arobaini, kabla hujatoka, ukakosea kuandika saa. Usiku mzima mtu hajalala, anakosea. Watakupa onyo, basi, tunasahau."

Jovelyn aliipokea kwa mikono miwili. Ungedhani angeuliza, Madam, si uliniona? Hakuuliza. Mwezi wake wa tatu hapa, vyeti vya chuo vilipochelewa na tiketi ya kumrudisha kwao ikawa imeshakatwa, ni mwanamke huyu aliyekwenda kusimama mbele ya mkurugenzi akasema, "Huyu ni wangu. Akiharibu, nikateni mimi." Kwao deni la namna hiyo haliishi. Halina risiti, na anayelikumbushia hajui adabu, na anayelisahau hana uso wa kurudi kijijini.

"Nakuomba, Jovy," Madam Mila alisema akiwa mlangoni, na sauti yake ilikuwa si ya mkuu wa wadi. "Nimebakiza miezi saba nistaafu. Wakijua tulikuwa tunarudi baada ya kidole, watasema niliwafundisha mimi."

"Ndiyo, Madam."

"Na kweli niliwafundisha mimi," alisema, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa Perla aliichukua ile karatasi, akavaa miwani.

"Soma unachotaka kusaini."

"Nimesoma. Ni kosa la saa tu."

"Soma kama mwana wa marehemu." Perla aliweka kidole kwenye mstari. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini uliona mzee wa watu anahema juu juu. Halafu? Saa moja na dakika mbili ukapiga kidole ukaenda kulala. Hukumwita daktari. Hapo si kosa la saa, mdogo wangu. Hapo umemwacha mtu afe."

Jovelyn aliitazama karatasi, akaitazama tena. Kila neno lilikuwa kamba, na alikuwa amekaribia kujivika mwenyewe shingoni, kwa mikono miwili, na asante juu yake.

"Madam hakuliona hilo," alisema.

"Hakuliona. Mwenye hofu huona mlango tu, haoni kuna nini nyuma yake." Perla alifungua kabati la Jovelyn bila kuomba ruhusa, akatoa bahasha ya mkataba iliyokuwa chini ya sweta. "Umewahi kuusoma huu?"

"Ukurasa wa mshahara."

"Wote mnasoma ukurasa wa mshahara. Kama mkataba ni samaki na mshahara ndio mnofu." Alilamba kidole, akafunua mpaka ukurasa wa sita. "Sikiliza. Saa yoyote mfanyakazi atakayokuwa kazini baada ya zamu yake, kwa haja ya kazi, ni saa ya ziada, nayo italipwa kama saa moja na nusu. Itaandikwa kwenye fomu ya njano na kusainiwa na mkuu wake. Umesikia? Haikusema ukiomba vizuri. Haikusema ukipendwa."

"Mimi nilidhani ovataimu ni kitu unachopewa. Kama zawadi ya Krismasi."

"Mimi pia nilidhani hivyo, miaka yangu minne ya mwanzo."

"Dada, mimi sitaki hela zao. Nataka leseni yangu."

"Ndiyo ninachokwambia, we mtoto!" Perla alipandisha sauti mpaka jirani akagonga ukuta. "Hela ni ushahidi! Wao wanaamini kitu kimoja tu: aliyekuwapo analipwa. Hukulipwa, basi hukuwapo. Kila asubuhi ulipokataa hela yako ulikuwa unawaandikia kwa mkono wako kwamba hukuwapo. Sasa wamekuamini."

Jovelyn alikaa chini sakafuni. Miezi kumi na minne ya asubuhi ilimpitia kichwani, saa moja na nusu hapa, saa mbili pale, wagonjwa aliowageuza, mishipa aliyoitafuta kwa vidole, wazee aliowafunika shuka, yote mahali asipokuwapo. Alikuwa mzimu katika wadi yake mwenyewe. Akalia, si kwa kelele, na Perla akamwekea bakuli la tambi mapajani maana hakujua kingine cha kufanya.

"Lakini nani atathibitisha?" aliuliza mwishowe. "Wenzangu hawatasema."

"Wasiseme. Wewe hapa hosteli ukirudi unapita wapi?"

Wanapita getini. Na getini yupo mzee Karim, na mzee Karim ana daftari, na katika daftari hilo kila mwanamke anayeingia huandikwa jina, saa, na kusaini. Wauguzi wote walilichukia. Walisema wanachungwa kama mbuzi, na wengine waliliita daftari la ndoa kwa sababu lilikuwa likijua mienendo yao kuliko waume zao. Jovelyn aliacha kutafuna.

Jumapili aliingia ofisini akiwa na karatasi ya Madam Mila mfuko wa kulia na mkataba mfuko wa kushoto. Nyuma ya meza aliketi Ustadha Hind wa ofisi ya wafanyakazi, mwanamke kijana, kalamu mkononi, uso usiotoa habari yoyote. Kando yake alikuwa daktari mmoja mzee wa kamati. Na kwenye kiti cha ukutani, mikono imeshikana mapajani, alikuwa Madam Mila.

"Dada Jovelyn," alisema Hind, "saa moja na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

Alimtazama Madam Mila. Madam Mila alikuwa akitazama zulia. Mkono wa Jovelyn uliingia mfuko wa kulia, ukaigusa karatasi, ukakaa hapo. Kutia sahihi kungechukua muda mfupi tu. Angetoka nje, angepumua, mpaka siku mtu mwingine atakapoisoma kama Perla alivyoisoma.

"Nilikuwa kitandani namba saba," alisema. "Namwekea mzee oksijeni."

"Mashine inasema ulishatoka."

"Nilipiga kidole, kisha nikarudi."

"Kwa nini?"

"Kumaliza kazi."

Hind aligeuza kurasa zake. "Miezi kumi na minne hujadai hata saa moja ya ziada. Nikuelewe vipi? Mtu gani anafanya kazi bure?"

"Sisi," alisema Jovelyn.

Hakukusudia kusema zaidi ya hapo, lakini neno lile lilikuwa limeshatoka, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alieleza, akisimama na kuanza upya. Hakumtaja mtu. Hakusema nani aliwafundisha wala nani alimwona. Alipoulizwa ushahidi alisema, "Lipo daftari la geti la hosteli. Ni mali ya hospitali. Liitisheni." Nyuma yake alisikia kiti cha ukutani kikilia, kama mtu aliyekaa juu yake amekaa vibaya.

Mzee Karim alileta madaftari ndani ya mfuko wa mchele, akihema, akidhani ameshtakiwa yeye. Hind alitafuta tarehe. Alisoma polepole: Magbanua, J., saa tatu na dakika kumi asubuhi. Basi la hosteli linatumia dakika ishirini. Hilo kila mtu chumbani alilijua. Akafunua ukurasa wa jana yake, na wa juzi yake, na wa mwezi mwingine. Saa tatu. Saa tatu na robo. Saa tatu na nusu. Majina kumi na sita yaliyopiga kidole saa moja, yote yakirudi nyumbani pamoja jua likiwa kali. Daktari mzee alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Mimi si hakimu," alisema Hind. "Daftari linaonyesha alichelewa kurudi. Halionyeshi alikuwa wapi. Pengine alikuwa dukani." Alivuta droo, akatoa fomu ya njano, akaiweka juu ya meza. "Kwa mkataba ni rahisi. Ajaze saa zake za siku ile. Mkuu wa wadi akisaini, alikuwa kazini, na alichoandika kwenye faili ni halali. Asiposaini, hakuwapo, na faili litakwenda kamati ya leseni."

Jovelyn aliijaza. Aliandika tarehe, akaandika kuanzia saa moja mpaka saa mbili na nusu, na kwenye nafasi ya sababu aliandika: mgonjwa. Kisha akainuka na kumpelekea Madam Mila kwa mikono miwili, kama alivyopokea ile nyingine. Hakuweza kumtazama usoni. Akagundua kwamba hofu yake ya siku tatu haikuwa tena ya leseni peke yake. Alikuwa anamwogopea na yule mama.

Madam Mila hakuichukua kalamu. Aliinuka, akaenda mezani kwenye daftari, akainama. Kidole chake chenye losheni kilipita juu ya majina, Magbanua, na wengine wote, kikashuka mpaka kurasa za jioni. Kikasimama. Zamu yake yeye ilikuwa ikiisha saa kumi alasiri. Sumulong, M., saa mbili usiku. Akafunua. Sumulong, M., saa mbili na nusu usiku. Akafunua tena. Akavuta daftari jingine ndani ya mfuko wa mchele, kuukuu, jalada limeliwa na mchwa, akafunua popote tu. Sumulong, M., saa tatu usiku, na sahihi yake ya ujana, yenye mkia mrefu.

Mzee Karim alikuwa amesimama mlangoni bado anangoja kuambiwa kosa lake.

Madam Mila alichukua kalamu ya Hind, akaiweka fomu ya njano juu ya daftari lililo wazi, akasaini. "Nilimwona," alisema. "Saa moja na dakika arobaini, nilimwona kwa macho yangu. Nilimwambia amalize upesi."

"Asante, Madam," alisema Jovelyn, na neno lenyewe lilimtoka kabla hajajizuia.

Madam Mila alimgeukia, akamtazama muda, kisha akamtazama Hind. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Na saa zangu mimi," aliuliza, "atanisainia nani?"

Hind alifungua droo, akazitazama fomu za njano zilizobaki, kisha akaifunga tena.